Sasisho limetuharibia mlima wa Mau, na wenye simuleta hawataki kusikia

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Tangu lile sasisho la juzi la simuleta yetu, mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni, liingie, injini za mvuke haziwezi tena kupandishwa inavyotakiwa kutoka Nakuru hadi Mau Summit. Ama unakwama kabla ya Njoro magurudumu yakizunguka bure, ama unaweka kiwango rahisi na treni inapanda yenyewe, wewe umekaa tu. Tulilipia mlima, na mlima wenyewe umeondolewa.

Kwa asiyeijua njia hii: stesheni ya Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500. Katikati kuna Njoro, Elburgon, Turi na Molo, kona baada ya kona. Ukishavuka kilele unashuka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, hadi Muhoroni kwenye miwa, halafu ni tambarare mpaka Kisumu, ambako reli ilifika ziwani mwaka 1901. Hiyo tambarare mtu yeyote anaiendesha. Sisi wa huku tulinunua njia hii kama nyongeza ya simuleta kwa sababu ya kupanda.

Nianze na kuteleza, maana wametuambia eti sasa fizikia ni ya kweli zaidi. Nilichukua Garratt ya daraja la 59, injini kubwa ya mvuke. Najua kuna atakayesema hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Mombasa–Nairobi na ilikuwa nzito mno kwa reli za huku. Nakubali, na ndiyo maana niliichagua: kama hii inateleza, hakuna isiyoteleza. Ina magurudumu 16 ya kuvuta, ekseli 8, kila moja inabeba kama tani 21. Hizo ni zaidi ya tani 160 zinazokandamiza reli. Nikaifungia mabehewa ya tani 350, kwa hiyo ukijumlisha na injini yenyewe ni kama tani 600. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100, uzito huo unakurudisha nyuma kwa nguvu ya tani 12. Ongeza tatu za kona na msuguano, ni 15. Gawanya kwa 160: haifiki hata sehemu ya kumi. Reli kavu inashika karibu robo ya uzito. Sasa niambieni, kwa nini inateleza mchana wa jua kali, mchanga ukimwagika mbele ya magurudumu ili yashike, nikiwa nimefungua mvuke nusu tu? Hesabu hii hata mtoto wa shule anaiweza. Walioandika programu hawakuifanya.

Lakini hilo ningelimeza. Kilichoniudhi zaidi ni mchochea moto, yule anayetunza moto na maji ya boila.

Zamani ulikuwa na hiari: uchome moto mwenyewe au umwachie kompyuta. Sasa hiari imefutwa, kompyuta ndiyo inachoma, na haijui inachofanya. Injini za East African Railways, shirika la zamani la reli la Kenya, Uganda na Tanzania, za miaka ya mwisho zilichoma mafuta mazito. Kwenye moto wa mafuta, mchochea moto anamfuata dereva hatua kwa hatua. Dereva akiongeza mvuke, anaongeza mafuta. Akipunguza, anapunguza papo hapo. Mafuta yakizidi, moshi unatoka mweusi, masizi yanaganda ndani ya mabomba ya boila, joto halipiti tena na presha inashuka. Dawa yake ni kutupia kopo la mchanga kwenye moto wakati injini inavuta kwa nguvu, mvuto wa bomba la moshi unaupeleka ule mchanga ukasugue masizi. Kazi hiyo ilikuwemo kwenye toleo la zamani! Ulikuwa unaona moshi mzito ukitoka, halafu unaanza kusafishika, na sindano ya presha inapanda polepole. Sasa hakuna kopo wala mchanga. Kuna sauti ya koleo la makaa. Koleo, kwenye injini ya mafuta.

Na maji ndiyo balaa. Kila sindano ikishuka kidogo huyu wa kompyuta anafungua injekta, anamwaga maji baridi kwenye boila linalohangaika mlimani. Presha inazidi kushuka, anaona imeshuka, anaongeza maji tena. Ukifika Elburgon boila limejaa, maji yanaingia silindani pamoja na mvuke, na huna la kufanya.

Jirani yangu hapa Nakuru ni mzee aliyechoma moto kwenye injini hizi ujanani. Amekuwa akija jioni kutazama, na yeye ndiye aliyeniambia niangalie kioo cha maji, kile kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila, pale kileleni. Injini ikipanda imeinua pua, maji yanakimbilia nyuma, kioo kinasoma juu kuliko ukweli. Ikivuka kilele na kuinamisha pua, maji yanakimbia mbele, na bati la juu ya kisanduku cha moto linaweza kubaki wazi. Likibaki wazi linalainika kwa joto, na boila linaweza kupasuka. Kwa hiyo mchochea moto wa kweli anaanza kufikiria maji ya kileleni tangu Molo. Toleo la zamani lilikuwa na jambo hili. Sasa kioo kimeganda katikati, kupanda, kuteremka, ni pale pale. Mzee alitazama, akauliza, "Kijana, hiki kioo kimechorwa?" Akaenda zake, na hajarudi kutazama.

Nimewaandikia wenye simuleta, nikawapelekea hesabu na picha. Jibu lao: wengi wamefurahia sasisho, nijaribu kiwango rahisi au injini ya dizeli. Nilipojibu wakafunga malalamiko. Hili sasisho lilijishusha lenyewe bila kuniuliza, likanimalizia bando, na sasa hawaruhusu kurudi toleo la nyuma. Pesa yangu walichukua bila kunishauri kuhusu dizeli.

Ninachodai ni haya: warudishe hiari ya kuchoma moto kwa mkono, kioo kifuate mwinuko, na watoe ruhusa ya kurudi toleo la zamani mpaka watakaporekebisha. Ambaye bado hajasasisha, zima usasishaji wa kiotomatiki leo, kabla hujawasha simuleta tena. Na mliopatwa na haya Kisumu, Eldoret au kwingineko, andikeni hapa chini injini gani, tani ngapi, mlikwama wapi. Nitawapelekea yote kwa pamoja, tuone kama watafunga na hilo.