Mjadala: Lugha ya Ayalandi tuiite Kigaeli au Kiayalandi?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Naona watafsiri wetu wanaandika "Kigaeli" wakitaja lugha ya Ayalandi, na wengine wanaokota "Erse" kwenye kamusi za zamani. Msimamo wangu nautoa mapema: ya Ayalandi tuandike Kiayalandi, ya Uskoti tuandike Kigaeli cha Uskoti, na Erse tuizike.

Waayalandi wenyewe wameshachagua. Kwa lugha yao husema Gaeilge, na huko Munster, jimbo la kusini, utasikia Gaolainn, lakini wakizungumza Kiingereza wengi husema Irish. Katiba yao ya 1937, ibara ya 8, inaitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Kiingereza ni ya pili. Waskoti nao sheria yao ya lugha ya 2005 inasema Gaelic. Kigaeli kitupu ni jina la ukoo mzima, pamoja na lugha ya Kisiwa cha Man. Ukiandika "anajua Kigaeli", msomaji hajui ni kipi.

Erse ndiyo inayoniuma. Zamani Waskoti wa nyanda za chini waliita lugha ya wenzao wa milimani Scottis, yaani Kiskoti chenyewe. Kufikia karne ya 16 wakaanza kulitumia jina hilo kwa lugha yao wao, na ile ya milimani wakaibandika Erse, maana yake "ya Kiayalandi". Wenyeji wakageuzwa wageni kwao. Mwaka 1616 Baraza la Mfalme la Uskoti likaagiza shule kila parokia, Kiingereza kienezwe, na "lugha ya Kiayalandi" ya visiwani na milimani ifutwe, kwa kuwa eti ni mojawapo ya sababu kuu za ushenzi. Jina lile ndilo lililorahisisha amri ile. Sioni kwa nini nasi turithi jina hilo.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, kwa Erse nakuunga mkono. Kwa Kigaeli unawabana watu bure. Conradh na Gaeilge, chama kilichoundwa 1893 kuihuisha lugha hiyo, kwa Kiingereza kilijiita Gaelic League. Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, wapo wazee wanaosema Gaelic wakiongea Kiingereza, na wajukuu wa wahamiaji kule Marekani wamelipata neno hilo kwa bibi zao. Utamwambia mtu neno la bibi yake ni tusi?

Mleta mada: Hapana ndugu, sijasema ni tusi. Bibi aachwe na neno lake. Nazungumzia mwandishi wa habari au wa kamusi, ambaye anatakiwa aeleweke na mtu asiyemjua.

Mchangiaji wa pili: Samahani, nyote mnashika jina na kuiacha dharau yenyewe. Novemba 2014, kwenye Bunge la Ayalandi ya Kaskazini pale Stormont, mbunge Gregory Campbell alisimama akaigeuza shukrani ya Kiayalandi kwa Spika, "go raibh maith agat, a Cheann Comhairle", ikawa "curry my yoghurt", upuuzi wa mchuzi na mtindi. Hakutamka jina baya hata moja! Alikataa kuomba radhi, akazuiwa kuzungumza bungeni kwa siku moja. Sheria ya kuipa lugha hiyo hadhi rasmi kule kaskazini imekuja 2022, na ilibidi ipitishwe na Bunge la Uingereza kule London. Mtu anaweza kuandika Kiayalandi kwa usahihi kabisa na bado akaidharau.

Mleta mada: Dada, hapo nimekuelewa na nakubali: jina sahihi halimzuii mwenye kebehi. Ila Erse haikuwa kebehi ya siku moja bungeni, ilikaa kwenye vitabu na amri kwa karne kadhaa, na sisi ndio tunaoamua kama itaingia kwenye Kiswahili. Mimi nasema isiingie. Wanaofanya kazi ya kamusi nawaomba pia waseme kuhusu lugha ya Man: wenyewe huiita Gaelg, na kwetu nimeona Kimanksi na Kimanx. Tushike lipi?