Ukaguzi wa SELinux unaosoma faili tu na kutia tiki: tunalipia nini?

Wakuu, nimekasirika, na leo sizunguki.

Nasimamia seva za kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Humo ndani kuna nakala za pasipoti za wageni, ratiba zao za mlima na mbugani, hadi namba za ndugu wa kupigiwa ikitokea dharura. Juzi tumeletewa ripoti ya ukaguzi wa usalama, imefanywa na watu wa nje na wamelipwa hela nzuri tu. Kipengele cha SELinux kimepakwa kijani seva zote. Nikaingia palepale kwenye seva ya bukingi, nikaandika getenforce, amri inayouliza SELinux iko hali gani sasa hivi. Jibu: Permissive.

Kwa wasioifahamu: SELinux ni ulinzi uliomo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux tangu 2003. Kila programu inapewa mipaka yake, na hata programu inayoendeshwa na root, mtumiaji mkuu wa mfumo, haivuki mipaka hiyo kama sera (orodha ya kanuni za SELinux) haijairuhusu. Ikiwa Permissive, inaandika kwenye logi kwamba mpaka umevukwa, halafu inaacha mtu apite. Na hiyo ndiyo seva iliyopewa kijani.

Nikaomba niione skripti yao. Inafungua /etc/selinux/config, ikikuta SELINUX=enforcing, yaani hali ya kuzuia kweli, inatia tiki, inahamia seva nyingine. Basi! Lile faili linaeleza seva ikiwashwa ianze na hali gani. Kerneli inafanya nini sasa hivi, faili halijui. Ni sawa na kukagua ulinzi kwa kusoma mkataba wa mlinzi bila kufika getini kuona kama yupo.

Na mchezo wenyewe mnaufahamu, hasa mlioko Njiro na Sakina. Umeme unakatika, UPS inaisha chaji, seva inazima. Umeme ukirudi, seva inawaka na enforcing kama faili linavyotaka, mfumo wa bukingi unagoma. Msimu umechanganya, mawakala wanapiga simu kutoka kila upande. Fundi wa waliotuuzia programu anaingia kwa mbali, anaandika setenforce 0 kuirudisha SELinux kwenye Permissive, mfumo unarudi, anaaga. Amri hiyo haigusi faili, na athari yake inaisha seva ikizimwa. Kwa hiyo ulinzi unakaa umelegezwa wiki kwa wiki, na kila skripti ya ukaguzi ikipita inakuta faili safi.

Kinachoniuma zaidi ni udogo wa tatizo lenyewe. Nilipoendesha ausearch -m AVC, inayotoa kwenye logi yale SELinux iliyokataza, sababu ilikuwa wazi: mafaili ya programu yalipakiwa kwenye folda ya mtumiaji, kisha yakahamishiwa /var/www, folda ya seva ya wavuti, kwa amri ya mv. Ukihamisha kwa mv, faili linakwenda na lebo yake ya zamani, ile alama ambayo SELinux inaisoma kuamua nani aliguse. Seva ya wavuti ikakuta mafaili yenye lebo user_home_t ikakatazwa kuyasoma, na ilistahili kukatazwa. Dawa ni restorecon -Rv /var/www, inayorudisha lebo sahihi. Mstari mmoja! Badala yake mwongozo wao wa usakinishaji unamwambia mteja, hatua ya kwanza kabisa, azime SELinux.

Msidhani pia kwamba kuongeza getenforce kwenye skripti kunatosha. Seva inaweza kujibu Enforcing huku kikoa kimoja (mipaka iliyowekewa programu fulani) kimeachiwa peke yake kwa semanage permissive. Na programu nyingi zinazowekwa folda ya /opt na kuwashwa na systemd, kiwasha-huduma cha Linux, zinaangukia kikoa cha unconfined_service_t, yaani karibu hazina mpaka wowote. Amri ya ps -eZ inakuonyesha waziwazi. Swichi za sera nazo zikaguliwe, maana kuna mtu anafungua httpd_can_network_connect, inayoiachia seva ya wavuti iunganishe popote mtandaoni, wakati alichohitaji ni ile ya hifadhidata tu. Wa Ubuntu nanyi msijifiche: AppArmor, ulinzi wenu wa aina hiyohiyo, ikiwa complain (inaandika tu, haizuii) ni yaleyale, angalieni aa-status.

Nimepeleka haya yote kwa wakubwa. Nikajibiwa ripoti imeshapita, nisilete mambo. Mambo gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na inamtaka mwenye taarifa za watu azilinde. Siku pasipoti za wageni zikivuja, karatasi ya kijani haitamsaidia mgeni hata mmoja.

Ninachodai hakihitaji bajeti mpya. Ukaguzi uendeshwe wenyewe kila usiku, na tena kila seva inapowaka. Uiulize kerneli, orodha ya vikoa vilivyoachiwa, michakato isiyo na mipaka na swichi, kisha ulinganishe na hali tuliyokubaliana. Kikibadilika kitu, ujumbe uende kwa mtu mwenye jina, na aandike nani kabadilisha na kwa nini.

Wakaguzi mliomo humu, nataka mniambie kwa nini mnalipisha kazi ya kusoma mstari mmoja wa faili. Na nyie mnaouza programu za bukingi kwa mahoteli na makampuni ya Arusha na Moshi, futeni ile hatua ya kwanza kwenye mwongozo wenu, mtupe moduli ya sera inayoendana na programu yenu. Mwenye skripti inayokagua kweli aiweke hapa chini, nitaijaribu kwenye seva zetu leo usiku.