Mjadala: Je, tofauti ya madoa ya Jua kati ya kaskazini na kusini ni bahati nasibu?

Mtoa hoja:
Wapo wanaoshikilia kwamba madoa ya Jua, yaani sehemu nyeusi zenye sumaku kali usoni mwa Jua, yahesabiwe kwa jumla tu, na kwamba kizio kimoja (nusu ya Jua, kaskazini au kusini mwa ikweta yake) kinapokizidi kingine ni bahati nasibu. Sikubaliani nao. Madoa huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya takribani miaka 11; katika Mzunguko wa 24, ulioanza Desemba 2008, kizio cha kaskazini kilifikia kilele mwishoni mwa 2011, madoa yake yakapungua, ndipo kusini nako kukapamba moto hadi mwanzoni mwa 2014. Aliyetazama jumla peke yake aliona vilele viwili, cha pili kikiwa cha juu zaidi, asijue kwamba kila kimoja kilikuwa na upande wake.

Ushahidi mzito zaidi ni wa zamani. Kati ya 1645 na 1715 madoa yaliadimika mno, lakini wachunguzi wa Paris, Jean Picard na baada yake Philippe de La Hire, waliendelea kuandika kila doa na mahali pake. Kumbukumbu zao za miaka ya mwisho ya kipindi hicho zinaonyesha karibu madoa yote kusini mwa ikweta ya Jua.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, madoa hayazuki kila moja kivyake. Kundi kubwa laweza kudumu hata Jua likajizungusha mara moja kamili, takribani siku 27 tukilitazama kutoka duniani, na mara nyingi makundi mapya huzuka palepale. Kwa hiyo sehemu chache zenye msukosuko zinatosha kuuelemeza upande mmoja, hasa madoa yanapokuwa haba kama enzi za Picard.

Mtoa hoja:
Hoja ya kurundikana naikubali, ndugu yangu, na ndiyo maana sitegemei mwezi mmoja wala mwaka mmoja. Hata hivyo, katika kumbukumbu zilizoanzishwa na kituo cha uchunguzi wa anga cha Greenwich, Uingereza, mwaka 1874, kizio kinachotangulia huelekea kuendelea kutangulia kwa mizunguko kadhaa, na pengo kati ya vizio halivuki takribani miaka miwili. Naona kila kizio hujijengea sehemu kubwa ya uga wake wa sumaku, ilhali sumaku inayovuka ikweta huvizuia visiachane mno. Kituo cha Brussels kinachotunza hesabu za madoa hutoa takwimu za kila kizio. Anayetabiri dhoruba za Jua hana sababu ya kuzichanganya takwimu hizo. Nawe unieleze: kama ni nasibu, ni nini kinachokizuia kizio kimoja kisitangulie kwa miaka mitano?