Tupeane uzoefu: filamu ya zamani uliyoirudia ukubwani, uliikuta ni ile ile?

Mwanzisha mada, Dodoma mjini

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Wiki iliyopita, watoto walipokwisha kulala, niliketi peke yangu sebuleni hapa Chang'ombe nikaitazama upya First Blood ya mwaka 1982, ile ambayo sisi tuliokulia mabanda ya video tunaiita tu Rambo ya kwanza. Mara ya mwisho niliiona mwishoni mwa miaka ya tisini katika banda la mabati huko Majengo, kiingilio shilingi 50, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na mtafsiri aliyeketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake, ambaye hakukubali ukimya upite hata kidogo. Kwa kumbukumbu yangu, Rambo alikuwa ameua askari wasiohesabika. Safari hii nilihesabu. Anakufa mtu mmoja tu, yule askari anayeanguka kutoka kwenye helikopta, na hata huyo Rambo hakumpiga risasi, bali alirusha jiwe likapasua kioo cha mbele na rubani akayumba.

Kilichonishangaza zaidi ni mwisho wake. Rambo anaketi sakafuni mbele ya kanali wake wa zamani na kulia kwa kwikwi, akisimulia jinsi rafiki yake alivyolipuliwa na bomu lililofichwa ndani ya boksi la kung'arishia viatu. Mimi nilikuwa sijui kabisa kwamba ndicho kinachomliza. Mtafsiri wetu alitueleza kwamba Rambo anamdai kanali mshahara wa miezi minane, na banda zima likaguna kwa huruma, hasa walimu wawili waliokuwa wamekaa nyuma. Simlaumu, kwa maana Kiingereza chake kilikuwa sawa na chetu, na kucheleweshewa mshahara lilikuwa jambo tulilolielewa vizuri kuliko vita vya Vietnam.

Usiku huo huo niliweka sehemu ya pili, ya mwaka 1985, na humo ndimo nilimoikuta filamu niliyokuwa nikiikumbuka: mishale yenye baruti, vijiji vinavyowaka, maadui wanaoanguka kama mahindi wakati wa mavuno, na steringi ambaye hata akijeruhiwa unajua kesho atakuwa mzima. Tangu siku hiyo najiuliza kama tunawaonea vijana tunaposema kwamba filamu zao za mapigano, zinazofika sehemu ya nane na ya tisa, ndizo zilizoharibu sinema. Ugonjwa huo naona tuliuanza wenyewe, siku ambayo filamu moja ilifanikiwa na wenye fedha wakataka nyingine. Naomba tupeane visa. Tusiorodheshe majina ya filamu tu. Eleza uliiona wapi, uliirudia lini, na ulikuta nini.

Mzee wa Jenereta, Kondoa

Mkuu, umenikumbusha mbali. Kijijini kwetu kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye deki, naye aliiwasha kwa jenereta dogo kila Jumamosi. Ndipo nilipoiona The Terminator ya mwaka 1984. Mnakumbuka pale ambapo lori la mafuta linalipuka, roboti yumo ndani, na moto unapanda hadi juu. Kwa bahati mbaya au nzuri, petroli ya jenereta iliisha katika dakika hiyo hiyo. Picha ikajikunja, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha giza. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa sote tuliamini filamu imekwisha: adui ameungua, kijana na binti wamekumbatiana, nini tena? Tukarudi nyumbani kwa furaha, tukiwa tumekunja suruali kwa sababu ya umande.

Niliishi na mwisho huo kwa muda wa miaka minane au tisa, nikiwasimulia wenzangu bwenini kwa kujiamini kabisa. Kisha siku moja nikiwa Singida kikazi niliikuta inaonyeshwa, nikakaa kusubiri ule moto ili niondoke. Ndugu zangu, mifupa ya chuma iliinuka kutoka motoni ikaanza kutembea. Nilisimama. Mwenyeji wangu akaniuliza kama naumwa. Yule kijana niliyemwacha hai kwa miaka yote hiyo aliuawa mbele ya macho yangu, na binti akalazimika kumalizana na roboti peke yake, akitambaa, mguu umejeruhiwa, mpaka alipoliponda ndani ya mashine ya kubanilia chuma.

Kuhusu hoja yako ya sehemu ya pili, naomba nikupinge kwa heshima. Sehemu ya pili ya Terminator, ya mwaka 1991, inamzidi baba yake. James Cameron alimchukua roboti yule yule tuliyemwogopa akamfanya mlinzi wa mtoto, kisha akatuletea adui mpya ambaye si mkubwa wala hana misuli, ila anayeyuka na kupita kwenye nondo kama maji. Nadhani mwendelezo unakufa pale mtengenezaji anapoongeza ukubwa wa kitu kile kile. Huyu alikigeuza.

Mjukuu wa Mpwapwa

Mimi naomba niwatoe Marekani kidogo. Bibi yangu hakujua Kihindi wala hakutaka kutafsiriwa, lakini Sholay ya mwaka 1975 aliijua kuliko sisi. Tuliokuwa tukisema kwamba steringi hafi tulikuwa hatujakaa na bibi. Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa, na baada ya kufa ndipo rafiki yake anagundua kwamba ile sarafu aliyokuwa akiirusha kila walipotaka kuamua jambo gumu ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Alikuwa akijichagulia hatari kila mara huku mwenzake akidhani ni bahati. Bibi alikuwa akifika hapo anavuta kitenge usoni, na sisi wajukuu tulikuwa tukijifanya hatumwoni.

Kilichokuwa kikimkera ni mwisho. Thakur, ofisa wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar Singh, anafanikiwa kumweka jambazi huyo chini ya viatu vyake vyenye misumari, halafu polisi wanatokea kumzuia. Bibi alikuwa akiwafokea polisi hao kila mara, kana kwamba safari hii wangemsikia. Miaka michache iliyopita nilifahamu kwamba mwisho huo ulibadilishwa kwa agizo la bodi ya ukaguzi ya India, na kwamba katika mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar. Niliutafuta, nikasafiri nao kwenye simu hadi Mpwapwa, nikampa bibi autazame akiwa ameketi juu ya mkeka. Nilitarajia ashangilie. Alitazama hadi mwisho bila kusema neno, akaniangalia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hebu nirudishie pale pa pikipiki." Ni ule wimbo wa urafiki ambao vijana wawili wanauimba wakiwa juu ya pikipiki yenye kiti cha pembeni. Tuliurudia mara nne.

Fundi wa Kizota

Nitasema kwa ufupi kwa kuwa niko kazini. Fast and Furious ya kwanza, ya mwaka 2001, niliiona nikiwa mwanafunzi wa gereji, na kwa kweli ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Ilikuwa filamu ndogo: vijana wa mtaani, polisi aliyejipenyeza kati yao, na malori yanayoporwa vifaa vya elektroniki. Gari likigongwa lilikuwa linaharibika, na mwenye gari alikuwa anasikitika. Niliirudia mwaka jana na bado inasimama, ukiacha kwamba wale vijana wanabadilisha gia mara nyingi kuliko idadi ya gia zilizomo. Ya mwaka 2021 wanapeleka gari angani. Angani, ndugu zangu, nje ya dunia. Nilizima.

Sisi mafundi ndio tunaobeba gharama za filamu hizi. Alinijia kijana mmoja na gari lake dogo la kutembelea mjini, akataka nimfungie gesi ya kuongeza mwendo kama ya kwenye picha ili aende Singida kwa saa mbili. Nililipandisha gari kwenye jeki, nikashika tairi la mbele nikalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto wa darasa la pili. Nikamwambia tuanze na bushi na boljointi, hayo ya gesi tutayazungumza baadaye. Alikasirika.

Mkazi wa Area D

Mimi nilizaliwa Arusha. Hatari! ya Howard Hawks, ya mwaka 1962, ilipigwa huko wakati nchi ikiwa bado Tanganyika, na baba alikuwa akiitaja kila tulipoona kifaru kwenye kalenda. Kisa chenyewe ni chepesi na namna Waafrika walivyowekwa pembeni inachosha, lakini zile mbio za kukamata wanyama, waigizaji wenyewe wakiwa juu ya magari na kifaru akigonga ubavu wa gari, sijaona kompyuta iliyoweza kuzifikia.

Mwanachuo, UDOM

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma visa vyote kwa furaha, ila naomba kuutetea upande wetu, kwa sababu naona mnazipima filamu zetu kwa ile moja ya gari kwenda angani. Chumbani kwetu tuko wanne na kompyuta moja, na tumekuwa na utaratibu wa kutazama filamu ya zamani Ijumaa na ya sasa Jumamosi. Mwenzetu mmoja, shabiki wa Bruce Lee asiyekubali kitu kilichotengenezwa baada ya mwaka 1973, alinyamaza kwa mara ya kwanza tulipoweka John Wick. Aliyeiongoza, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa akibeba hatari badala ya Keanu Reeves katika The Matrix ya mwaka 1999, na inaonekana: kamera inakaa mbali, haikatikikatiki, mwili mzima unaonekana, na risasi zikiisha, zimeisha. Katika sehemu ya nne, steringi anapanda ngazi 222 zinazoelekea kanisa la Sacré-Cœur huko Paris, anakaribia juu, anasukumwa, anabingirika hadi chini kabisa, na anaanza upya. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini kilikuwa kicheko cha kumwonea huruma.

Kuhusu steringi asiyeumia, tazameni sehemu ya sita ya Mission: Impossible, ya mwaka 2018. Tom Cruise anaruka kutoka jengo moja hadi jingine jijini London, mguu unagonga ukuta, na kifundo kinavunjika kweli. Waliiacha picha hiyo ndani ya filamu. Anajivuta, anasimama, anaondoka akichechemea, na hapo haigizi. Mimi niliteguka kifundo mwaka huo huo nikicheza mpira, hivyo kila nikifika hapo naushika mguu wangu mwenyewe. Hiyo ni sehemu ya sita, wakubwa zangu, si ya kwanza.

Mwanzisha mada, Dodoma mjini

Marahaba, kijana. Nakubali nilikosea kuhesabu sehemu badala ya kutazama kilichomo. Na Mzee wa Jenereta, samahani kwa msiba wa yule kijana wa kwenye Terminator. Miaka tisa ni mingi. Fundi, hukutuambia mteja wako aliishia wapi.

Fundi wa Kizota

Alirudi baada ya siku tatu akiwa amelivuta gari kwa kamba, boljointi imechomoka akiwa bado hajaufikia mji wa Bahi. Tumebadilisha, na gesi hakuiulizia tena. Mwanachuo, hiyo ya kifundo cha mguu nitaitazama Jumapili gereji ikifungwa. Lakini gari angani, hapana.