Bodi ya Land Rover chini ya mwembe: ni ya mwaka gani, na nichukue hii au ya Moshi?

Mwana Muheza: Wakuu, habari za jioni. Kuna bodi ya Land Rover nimeonyeshwa kwenye shamba la zamani la mkonge huku Muheza, imelala chini ya mwembe, haina injini. Mwenyewe anasema ni ya 1948, anataka milioni mbili na nusu. Moshi kuna nyingine ya milioni nne, ina kadi ya gari. Nichukue ipi? Jumamosi natakiwa kutoa jibu.

Spana Kumi: Picha? Taa zimekaa wapi? Vipimo? Unatuchagulisha vitenge gizani.

Dizeli Mbichi: Kila Land Rover mkweche nchi hii ni ya 1948, hata iliyokuja 1975. Za mwaka huo taa zilikaa nyuma ya wavu wa shoo, yaani uso wa mbele wa gari. Chukua futi kamba, pima katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma. Ikiwa sentimita 203, tutaongea. Ikiwa 223 na nusu ni fupi za kuanzia 1956. 277 ni ndefu.

Mwana Muheza: Kamera ya simu imekufa. Nimepima, 223 na kidogo. Taa ziko kwenye shoo, ila madigadi ya kushoto ina tundu la duara kama la taa. Ubavuni ina kitumbo.

Spana Kumi: Kitumbo? Basi Series One, toleo la kwanza, sahau, ubavu wake umenyooka kama kabati. Kitumbo kilikuja na Series Two, 1958. Hiyo madigadi imeng'olewa gari jingine, maana taa zilihamia huko mwishoni mwa miaka ya sitini. Spidomita iko katikati ya dashibodi au mbele ya dereva? Mbele ya dereva ni Series Three, 1971 kuendelea.

Mwana Muheza: Dashibodi haipo mkuu. Pale kuku anaatamia.

Mama Kiberenge: Mwanangu, mimi niliuziwa kwa maneno matamu hivyohivyo. "Ya 1955 hii mama." Nikaipakia Fuso kutoka Same hadi Mbagala, laki sita usafiri tu. Fundi alipofungua bolti za madigadi, bati likabaki mkononi. Pale alumini ilipogusana na chuma pameliwa pote, unga mweupe kama wa muhogo unamwagika. Usidanganyike sumaku haishiki ukasema hakuna kutu, alumini inaoza kivyake. Kwenye chesisi, mguu wa springi ya mbele kulia ambako namba hugongwa, pamepitishwa grenda hadi panang'aa. Kadi nimefuatilia, nimerudishwa mara tatu. Muuzaji hapokei simu hadi leo. Sasa ni banda la mbuzi, na mbuzi wenyewe mchana hawaingii, joto.

Mzee wa Kruza: Ongeza hela ununue Land Cruiser, spea kila kona.

Dizeli Mbichi: Kaulizwa bodi, wewe unaleta Toyota. Kruza gani ikibonyea unainyoosha kwa nyundo ya mti hapohapo porini?

Mzee wa Kruza: Ndiyo maana mabodi yenu yanaishia kuyeyushwa masufuria.

Pwani Baridi: Hiyo alumini yenyewe waliitumia kwa sababu baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Gari la shida lile. Gari lilikuwa Peugeot 404, Safari Rally imebeba 1966, 67 na 68.

Dizeli Mbichi: Haya, 404 nayo imeingiaje hapa?

Mwana Muheza: Shikamoo Mama Kiberenge, umenitisha. Leo nimerudi na kisu. Mguu wa springi wa kulia umepakwa rangi ya kijani mara tatu, nimekwangua zimetokea namba mbili tu. Mwenye shamba kashuka hadi milioni mbili, anauliza kama na kuku namchukua.

Spana Kumi: Marahaba kwa niaba yake. Endelea kukwangua, taratibu, usije ukafuta. Na ya Moshi, kadi imeandikwa mwaka gani?

Mwana Muheza: Sijauliza.