Kingo zilizokunjwa za maegesho ya Preston: ni urembo tu? Na zikimeguka zinazibwaje?

Msanifu_Pwani:
Wakuu, habari zenu. Yale maegesho ya ghorofa juu ya Preston Bus Station, Uingereza (1969), kingo za kila slabu (sakafu ya zege) zimekunjwa kwenda juu kama ukingo wa ungo. Mkunjo ule una kazi, au ni madoido? Na zege la namna ile likimeguka hadi nondo kuchungulia, linazibwaje bila kiraka kuonekana kutoka barabarani?

Jamvi_la_Tano:
Una kazi, mkuu. Bampa ya gari haikutani na ukuta wima, na slabu zilizotokeza nje zinawakinga abiria na mvua huku chini kwenye mabasi. Keith Ingham na Charles Wilson wa BDP (kampuni ya usanifu) ndio waliosanifu, uhandisi ukafanywa na kampuni ya Ove Arup.

Siri ya sura ile iko kwenye fomu, yaani kalibu za kumwagia zege: ni za faibaglasi, si mbao. Fomu ya faibaglasi ni ghali, lakini jengo lina urefu wa takriban mita 170 na umbo ni lilelile kila ghorofa, kwa hiyo gharama inarudi. Hainyonyi maji, zege linatoka laini. Ubaya wake, mkwaruzo mmoja kwenye fomu unajirudia kila ikimwagwa. (Milango ya abiria kule chini ni ya mvule, huu huu wetu.)

NondoY12:
Kabla ya kuziba, jua nondo inaliwa na nini. Banja kipande, puliza vumbi, nyunyizia fenoftalini ya 1% (kemikali inayoonyesha ualkali kwa rangi). Zege lililo zima linageuka zambarau, lililopoteza ualkali unaoikinga nondo na kutu halibadiliki rangi. Pima kina cha sehemu isiyobadilika, linganisha na kava, yaani unene wa zege linalofunika nondo. Usipime kwenye uso uliosagwa na grainda: chembe za saruji mbichi zinageuka zambarau na kukudanganya.

Ila fenoftalini haioni chumvi, nayo pia huila nondo. Kule chumvi inaingia na matairi wakati wa baridi, maana humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Dar na Mombasa inaletwa na upepo wa bahari. Toboa kwa drili, kusanya unga wa kila milimita 25 kivyake, peleka maabara.

Kisha kata mpaka wa kiraka kwa grainda, kina cha mm 10 bila kugusa nondo. Kiraka kinachoishia na ukingo mwembamba hubanduka. Chimba hadi nyuma ya nondo mm 20–25, ukiifuata mpaka ipite kutu kwa mm 50 hivi. Isafishe hadi ing'ae, hata mgongoni. Hapo ndipo mafundi wengi huiba kazi. Lowesha zege la zamani kutwa nzima, lakini maji yasisimame unapoweka mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuzibia).

Msanifu_Pwani:
Asante sana mkuu. Si afadhali basi kupaka rangi jengo zima, viraka vifichike?

Jamvi_la_Tano:
Hapana! Rangi inaua kile ambacho fomu zililipiwa kukileta. Isitoshe jengo limeorodheshwa Grade II (daraja la majengo yanayolindwa kisheria Uingereza) tangu 2013, huwezi kubadili sura yake bila kibali. Tengeneza vibao vya majaribio, ukichanganya saruji nyeupe na ya kijivu kwa viwango tofauti na mchanga wa aina mbili tatu. Usihukumu rangi kabla ya wiki nne, mota mbichi ni nyeusi kuliko itakavyokuwa. Umbo nalo lichukuliwe kwa kigezo cha faibaglasi kutoka sehemu nzima ya ukingo uleule. Ukisawazisha kwa mwiko na jicho tu, jua la jioni litakuumbua.

NondoY12:
Nyongeza: kama chumvi imebaki nje ya kiraka, kutu mpya itazuka kukizunguka, kwa sababu nondo ya ndani sasa ni salama na ya jirani ndiyo inayoliwa badala yake. Funga vipande vya zinki kwenye nondo karibu na mpaka wa kiraka, ili zinki iliwe badala ya nondo, na hakikisha kwa mita kuwa umeme unapita kati yao. Na soma karatasi ya mota kabla ya kununua: ile inayozuia umeme mno inaifanya zinki iwe mzigo wa bure.