Mtaro hauna pa kutokea, sisimizi maji moto wamechomwa moto, halafu mnatuletea taarifa ya maendeleo! (Mtwara Mjini)

Wakuu, salaam.

Taarifa ya mtaa imetumwa kwenye grupu, imesomwa na kwa kipaza sauti juu ya bodaboda: ulinzi umeimarishwa, wadudu wa bustani wamedhibitiwa, barabara imeboreshwa. Mambo matatu, na kila moja limefanywa mpaka pale picha ilipopigwa, basi. Mtaa siutaji, waliomo watajijua. Na kabla hamjaja na "mkuu toa suluhisho, acha kulalamika", suluhisho ziko humu ndani. Someni mpaka chini ndipo mtukane.

Naanza na mtaro wa hiyo barabara, kwa sababu ndio unaoharibu vingine vyote.

Mita 180, mawe na zege, kingo zimenyooka, umepigwa mpaka niru. Unapendeza kama veranda. Sasa tembea nao mpaka mwisho: unakutana na uzio wa mtu. Hakuna kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya njia), hakuna njia ya kwenda korongoni, hakuna chochote. Mtaro wenye mwanzo tu si mtaro, hilo ni tangi refu lisilo na mfuniko.

Mtaro unaanza kupimwa mkiani, si kichwani. Kwanza unajua maji yatamwagika wapi, ndipo unarudi nyuma ukipandisha. Mteremko wa chini kabisa kwa mtaro wa zege ni nusu sentimita kwa kila mita, na kwetu afadhali sentimita moja, kwa sababu mvua ya huku haileti maji matupu, inaleta mchanga. Kwa mita 180 maana yake kichwa kiwe juu ya mkia kwa sentimita 90 kwa uchache. Huu wetu fundi kaufuata ardhi ilivyolala, kapima kwa jicho. Katikati una tumbo, na hapo tumboni maji hayaondoki mpaka jua liyanywe. Mwagia ndoo mbili za lita 20 pale juu uone yanaishia wapi, huhitaji shahada.

Maji yakilala, mchanga unatua. Mchanga ukitua, kina kinapungua. Desemba mvua ikikolea (na huku msimu wetu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, hatuna vuli ya kujaribia) maji yataruka ukingo na kukata barabara pembeni. Kwenye kichanga chetu mfereji wa kina cha goti unachimbika kwa mvua mbili tatu tu.

Halafu mbu. Kwa joto la pwani, yai la mbu linakuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Ratiba ya usafi iliyobandikwa ofisini ni mara moja kwa mwezi. Yaani kila mtaro unaposafishwa, vizazi viwili au vitatu vimeshaingia vyumbani. Na yule wa maji machafu ndiye anayebeba vimelea vya matende na mabusha, ugonjwa ambao Lindi na Mtwara hatuhitaji kuhadithiwa. Usafi uwe wa kila wiki kiangazi na masika. Sehemu ambayo maji hayaondoki, kuna viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, vinaua viluwiluwi vya mbu majini humo humo. Vinarudiwa kwa vipimo vya kwenye chombo, si kumwaga siku moja kwa mbwembwe. Ila hiyo ni plasta. Dawa ni mteremko.

Na jamani, hili la kuzoa tope na kuliweka ukingoni! Mnalipa vijana wanazoa, wanalirundika sentimita kumi kutoka mtaroni, mvua ya kwanza linarudi lote. Tope liondoke siku hiyo hiyo kwa toroli. Kwenye kila mdomo wa kalavati kuwe na wavu wa nondo za milimita 12, nafasi ya sentimita kumi kati ya nondo na nondo, uzuie chupa na mifuko ya rambo. Kalavati lenyewe lisiwe chini ya sentimita 60 kipenyo, dogo zaidi ya hapo mtu hawezi kulisafisha likiziba. Mkia wa mtaro upangiwe mawe makubwa angalau mita mbili mbele, la sivyo maji yanachimba chini ya zege na kipande cha mwisho kinaning'inia hewani, kisha kinavunjika.

Mifuniko ya kuvukia majumbani nayo. Imemwagwa moja kwa moja juu ya mtaro, haitoki. Chini yake nani atasafisha, panya? Mfuniko unamwagwa pembeni, vipande vya upana wa sentimita 50 hivi ili watu wawili wainue, unene sentimita kumi, nondo za milimita 10 upande wa chini, mishikio miwili. Zege moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), limwagiliwe siku saba. Mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi inakula nondo kimyakimya na baada ya miaka michache zege linapasuka lenyewe. Kiwanda cha saruji kipo hapa hapa mkoani, tunashindwa nini?

Barabara sasa. Taarifa yenyewe inajigamba "tripu saba za kifusi". Tupige hesabu ya darasa la tano. Urefu mita 180, upana mita 5, eneo mita za mraba 900. Tabaka moja la maana ni sentimita 15 likishashindiliwa, na ili upate 15 lazima umwage kama 20. Hiyo ni mita za ujazo 180, tripu 18 za lori la mita kumi. Tripu saba zinakupa sentimita kama nane kabla ya kushindilia, chini ya sita baada yake. Nasema "baada yake" kwa heshima tu, maana rola halikuja. Kilikuja chepe na majembe.

Kifusi kisichoshindiliwa kikiwa na maji ya kutosha ni vumbi linalosubiri upepo wa kusi. Kipimo cha maji ni cha mkononi: chukua konzi, finya. Kikishikana kama kitonge na mkono haudondoshi maji, shindilia. Kikisambaratika, ongeza maji. Kikitoa maji kati ya vidole, subiri. Rola linapita mara sita hadi nane kila sehemu, kuanzia pembeni kuja katikati. Mawe makubwa kuliko ngumi yanaokotwa kabla, kwa sababu ndiyo yanayotoka kwanza na kuacha shimo.

Lakini hata zingeletwa tripu 40, kosa kubwa lingebaki pale pale: barabara haina mgongo. Katikati panatakiwa pawe juu kuliko pembeni, sentimita tano kwa kila mita. Kwa barabara ya mita 5, kutoka katikati kwenda ukingo ni mita mbili na nusu, kwa hiyo mgongo uwe kama sentimita 12. Yetu ni bapa, na ukingo wa mtaro uko JUU kuliko barabara. Juu! Maji ya barabarani yanautazama mtaro kwa mbali, hayawezi kuingia. Yanatembea barabarani mpaka mbele ya duka, yanalala. Hili la kurekebisha ni rahisi na halihitaji bajeti ya wafadhili: tindo na nyundo, tobolea ukingo kila baada ya mita tatu hadi tano, tundu la upana wa tofali, sakafu ya tundu iwe chini kuliko barabara. Kazi ya siku mbili ya mafundi wawili.

Matuta ya udongo yaliyowekwa na "wananchi wenye hasira" nisiyaongelee sana. Tuta lisizidi sentimita kumi kwenda juu, liwe pana mita tatu na nusu, lipakwe rangi na kuwe na kibao kabla yake. Hilo la kwetu ni kaburi, bodaboda wa usiku atalala hapo.

Taa za sola. Zimewekwa tano, na mbili ziko chini ya mwembe. Fundi gani anaweka sola chini ya mwembe dodo? Kivuli cha tawi moja kwenye sehemu ndogo ya paneli kinashusha umeme wa paneli nzima, kwa hiyo betri haijai, kwa hiyo saa nne usiku taa imekufa, na betri inayoishiwa kila siku haimalizi muda wake. Sisi tuko nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Paneli itazame kaskazini, ilale kwa nyuzi kumi hadi 15, si bapa, ili mvua isafishe vumbi na mavi ya kunguru. Nguzo ya mita sita isimame kwenye shimo la mita moja na sentimita 20, na umbali kati ya nguzo na nguzo uwe kama mita 25. Mita 180 zinahitaji taa nane. Tunazo tano, tatu zinawaka, na mbili kati ya hizo tatu zimepeana migongo jirani na ofisi ya mtaa. Wezi hawapiti ofisini, wakuu. Wanapita kichochoro cha nyuma ambako hakuna hata mshumaa.

Na nguzo ziwe zimechovywa zinki, si kupakwa rangi ya fedha. Huku ni pwani. Kutu inaanzia pale chuma kinapoingia kwenye zege, panapotuama maji, kwa hiyo zege la chini lifanyiwe mgongo kidogo maji yateleze.

Haya, wadudu. Hapa ndipo nilipokasirika mpaka nikafungua uzi.

"Wadudu hatarishi wamechomwa kwenye miembe na mikorosho ya mitaani." Wadudu hao ni maji moto! Wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mkoa huu una kituo cha utafiti cha Naliendele, sayansi ya korosho imekaa mlangoni kwetu, na bado tunachoma maji moto? Maji moto ndio wanaomwinda mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi machanga mpaka yakawa kama yamebabuliwa. Kwenye minazi wanapambana na mdudu anayeangusha vidaka. Kwenye miembe wanamsumbua inzi wa matunda asitulie kutaga. Unachoma mlinzi, halafu kesho unachangisha hela ya dawa ya kuua mwizi. Wanauma watoto, sawa, wanauma. Kata matawi yanayogusa paa na waya wa kuanikia nguo, wabaki kwenye mti. Siku ya kuchuma paka majivu mikononi na shinani. Yatosha.

Baada ya kuchoma, ikapulizwa salfa "kwa ajili ya inzi wa maembe". Salfa ni ya ubwiriunga, ambao ni ukungu. Inzi haimhusu hata kidogo. Inzi huyu wa matunda aliingia Afrika Mashariki mwaka 2003 na anafanya hivi: anatoboa ngozi ya embe linaloanza kukomaa, anataga ndani, mabuu yanakula, embe linadondoka, mabuu yanatoka na kujifukia sentimita chache kwenye udongo, wanatoka inzi wapya. Mzunguko wote ni kama wiki tatu hadi nne. Pa kumkata ni pale embe linapodondoka. Okota kila siku, si kila Jumamosi. Weka kwenye mfuko mweusi wa nailoni, funga kabisa, uache juani siku kadhaa. Au fukia shimo la nusu mita na zaidi. Kutupa maembe mabovu mtaroni, kama wanavyofanya wengi, ni kumfugia. Mitego yenye kivutio cha madume isaidie juu ya hapo, na isaidie mtaa mzima, kwa sababu inzi haheshimu uzio. Nyumba moja ikiacha maembe yaoze, kumi zinalima hasara.

Na ile dawa nyingine iliyopulizwa saa nne asubuhi, nyuki wako kwenye maua, mchicha uko wazi chini? Lebo yake ilikuwa na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu? Nani aliwaambia wenye bustani wasubiri siku ngapi kabla ya kuchuma? Kila kiuatilifu kimeandikwa siku hizo. Mchicha ule uliuzwa kesho yake.

Ulinzi nafupisha. Kila kaya inatoa elfu mbili kwa mwezi na hakuna risiti. Lindo lina vijana sita, tochi mbili, filimbi hakuna. Kijana wa lindo apewe tochi, filimbi, koti linaloakisi mwanga na kitambulisho chenye muhuri. Kuwe na daftari linaloandikwa saa, njia waliyopita na walichokuta, na polisi kata aweke saini humo kila wiki. Wakigawanyika wawili wawili na kubadili njia kila usiku wanafanya kazi kuliko sita waliokaa chini ya taa wakicheza bao. Mtuhumiwa akikamatwa ni polisi, 112, si kupigwa. Minada ya korosho ikianza hela inaingia mitaani. Hilo daftari liwe limeshaanza kabla.

NYONGEZA: Mmeniuliza tumbo la mtaro linapimwaje bila mashine. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, mita 25, jaza maji, hakikisha hauna mapovu. Mmoja anashika ncha kichwani mwa mtaro, mwingine mita 20 mbele, mtaroni humo humo. Maji yakitulia yako usawa mmoja pande zote mbili. Kila mtu apime kutoka kwenye maji mpaka sakafu ya mtaro. Wa mbele anatakiwa azidi kwa sentimita kumi au zaidi. Rudia mara tisa, umemaliza mita 180. Kipande ambacho tofauti ni sifuri, au wa nyuma ndiye aliyezidi, paka rangi nyekundu. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, viti vipangwe hapo kwenye rangi.